Mkanda wa Feni ya Tatu

Jumatano ni siku ya kusafisha feni. Kazi huanza mapema, ukungu ukiwa bado umekalia mashamba ya chai, na chumba cha kunyaushia kinanuka majani mabichi na grisi. Wanawake wa usafi huvua kandambili, hukaza kanga viunoni, kisha huingia mmoja mmoja kwenye mdomo wa feni kuchomoa majani yaliyonasa nyuma ya mapanga. Feni ya kwanza na ya pili huziingia tu. Kwenye feni ya tatu husimama kwanza wakamwamkia Geresoni, ambaye huwa ameushika mkanda wa mota kwa mikono yote miwili ili feni isijiwashe. Geresoni alikufa ndani ya feni hiyo hiyo, msimu wa mvua kubwa.

"Mugonile, tata," husema Ikupa, msimamizi wa wasafishaji, akimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga," hujibu Geresoni. Haongezi neno, maana mkanda ni mzito.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, kimejibanza kwenye mteremko wa njia ya Nkunga, na jina lake tuliache lipumzike. Hakuna aliyemwajiri Geresoni upya, na hakuna aliyemfukuza. Matanga yalipokwisha alitokea getini na ovaroli yake ya bluu, akaenda moja kwa moja kwenye mkanda, na tangu hapo feni ya tatu haijamuumiza mtu. Watu walimzoea. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja tangu ujana wake haachi kwa sababu ndogo ndogo.

Jambo ambalo nyumbani kwake hawakulizoea ni maandishi. Kwenye ukuta wa nje, ule unaotazama barabara, meneja Jairo alimleta mchoraji kutoka Tukuyu mjini akaandika kwa rangi nyekundu: KUMBUKA GERESONI. ALIKUFA KWA UZEMBE. ZIMA SWICHI KUU KABLA YA KUGUSA FENI. Ushauri ni mzuri, hauna kasoro. Ila swichi kuu imefungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati hukaa mfukoni mwa Jairo msimu mzima, kwa kuwa swichi ikizimwa feni zote husimama na majani ya vitanda vyote vya kunyaushia huharibika. Wasafishaji wameagizwa wazime feni kwa kitufe chake, waingie, watoke. Geresoni naye aliagizwa hivyo hivyo. Alibonyeza kitufe, feni ikasimama, akaingia, feni ikawaka.

Esnath, mjane wake, hupita chini ya ukuta huo kila anapokwenda kanisani. Haangalii juu, lakini watu anaoongozana nao huangalia, na wakishaangalia huacha kuzungumza mpaka wafike kwenye migomba.

"Mkanda anauweza," Esnath alimwambia mkamwana wake. "Lile neno ndilo linalomchosha. Mtu hajalewa siku hata moja, hajachelewa kazini, leo anaitwa mzembe mbele ya watoto wa shule. Nikiondoka duniani na lile neno bado lipo pale, nitamwambia nini?"

Mkamwana huyo ni Tulia, mzaliwa wa Isongole, mke wa mwanawe Lugano. Alisomea umeme mdogo mdogo Mbeya, na ndiye fundi wa visanduku vinavyoendesha feni za kiwanda. Ni mwanamke mwembamba, msemaji taratibu, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Na ana jambo moja ambalo wenzake wa mjini humtania nalo: anamwogopa baba mkwe kwa mila ya zamani, ile kamili. Hamtazami, hakutani naye njiani, halitaji jina lake. Hata neno linalofanana na jina lake hulikwepa. Gari likiharibika, Tulia hasemi lipelekwe gereji, husema lipelekwe kwa wanaotengeneza magari. Bibi yake aliyemlea alifanya hivyo, na yeye alipoolewa akafanya hivyo, kwa heshima na pia kwa kumpenda Esnath, ambaye alifurahi sana kuona kuna msichana wa siku hizi asiyeyatupa mambo hayo.

Mzee alipokufa, watu walidhani Tulia amepumzika. Mzee aliporudi, Tulia aliendelea pale alipoishia. Mila haikuwa imesema lolote kuhusu kifo. Kila Jumatano akifika kiwandani huuliza kwanza mlangoni, "Baba yuko wapi?" Ikupa humjibu, "Yuko kwenye mkanda." Tulia hujitanda kanga na kupita upande wa pili.

Kwa hiyo hakuwahi kukikagua kisanduku cha feni ya tatu. Visanduku vingine vyote alivifungua, akavisafisha, akavijua. Kile alikiruka, na asingeweza kukifikia bila kusimama uso kwa uso na baba mkwe. Kosa kama hilo fundi wa kutoka kwingine asingelifanya.

Visanduku vyenyewe vilikuwa shida. Vimetoka nchi tatu, vimenunuliwa miaka tofauti, na ndani ya kila kimoja mna chipu yenye pini nyingi, kila pini na kazi yake: hii inawasha mota, ile inasoma joto, nyingine inasikiliza kitufe. Mtengenezaji wa kwanza ana maneno yake ya kuzielezea pini zake. Wa pili ana maneno mengine kwa mambo yale yale. Wa tatu amejaza kurasa nzima ambazo hata mwenyewe, ukimuuliza leo, angeomba muda. Kisanduku kikifa, ukaleta cha aina nyingine, ile programu ndogo inayoiamuru chipu, ambayo mafundi huiita kiendeshi, lazima iandikwe upya kuanzia mwanzo. Wakati huo majani yanasubiri kitandani, na majani ya chai hayajui kusubiri.

Tulia aliamua kuandika maelezo mamoja ya pini yatakayofaa kisanduku chochote, na kiendeshi kimoja cha kuyasoma. Hapo ndipo malezi yake yalipomsaidia. Mtu aliyezoea kumzungumzia mwenzake bila kumtaja jina amekwisha kujifunza kusema kitu kinafanya nini badala ya kusema ni cha nani. Mtengenezaji hakutajwa hata mara moja. Kila pini iliulizwa maswali yale yale. Unasikiliza au unasukuma? Ukisukuma, nguvu zako mwisho wapi? Na lile alilolipenda kuliko yote: asipokuwapo wa kukuamuru, nani anakuvuta? Unavutwa juu, upande wa kuwaka, au chini, upande wa kuzima? Chipu yenye uwezo wa kusema zaidi iliruhusiwa kusema zaidi. Chipu ya maneno machache haikulazimishwa kupiga soga. Lakini maswali ya mwanzo yalikuwa ya wote, mkubwa kwa mdogo.

Asajile, aliyesoma naye na sasa yuko Dar es Salaam, aliyasoma maelezo hayo akampigia simu.

"Tulia, hii kitu ni safi bwana, sikufichi. Nimempa jamaa wa hapa ofisini, amekaa nayo mpaka chakula cha mchana kimepoa. Sehemu moja tu umekaza sana. Pini isiyojibu swali la nani anaivuta, unakataa kuiwasha?"

"Nakataa."

"Si uweke tu kwamba isipojibu iachwe kama ilivyo? Wote wanafanya hivyo."

"Kama ilivyo ndiyo ikoje?"

Asajile alicheka, kisha akaacha.

"Mimi siingii uani kwetu mpaka niambiwe baba mkwe yuko wapi," Tulia alisema. "Nikijibiwa 'sijui', siingii. Sijui siyo mahali."

Basi sheria ikabaki: asiyejibu hawashwi. Ni sentensi fupi, na mtu anaweza kuipita bila kuiona, lakini mafundi wanaojua kazi yao huinamisha vichwa wakifika hapo. Kazi nzuri haina kelele.

Alijaza majibu ya kila kisanduku mpaka kikabaki kimoja. Akamwomba Ikupa amfungulie kile cha feni ya tatu, amletee nyuma ya ukuta wa mabati bila kuchomoa nyaya zake. Ikupa alikifungua huku akimsimulia mzee anachofanya na kwa nini. Mzee akasogeza kiwiko ili bisibisi ipite.

Tulia akaiuliza pini ya kuwasha mota nani anaivuta. Haikujibu. Akaipima. Mita ikasema washa, ikasema zima, ikasema washa tena, na hakuna aliyegusa kitu. Ikupa alipoisogeza simu yake karibu, pini ilisema washa. Wingu lilipopiga ngurumo upande wa mlima Rungwe, ilisema washa. Hakuna aliyekuwa akiivuta pini hiyo, si juu, si chini. Kisanduku kilinunuliwa kikiwa kimekwisha kutumika kwingine, kikafungwa kwa haraka, kitufe cha kuzima kikawa kinaiomba tu pini, na pini ikawa inasikiliza chochote kilichopita hewani.

Tulia aliketi juu ya gunia la majani akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Upande wa pili wa mabati, Geresoni aliushika mkanda vizuri zaidi. Feni ilikuwa imeanza kutikisika.

Jioni alimkuta Esnath akimenya ndizi, akamweleza taratibu mpaka akaelewa.

"Kwa hiyo hakukosea," Esnath alisema.

"Hakukosea, mama. Alizima. Feni ndiyo haikuzimika."

Esnath alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi. "Mimi nilijua. Lakini kujua kwangu hakufuti rangi. Kamwambie yule mwenye brashi."

Jairo si mtu mkali. Anampenda Tulia, humwita mtaalamu wangu mbele ya wageni, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya kazi kubwa," alisema. "Kubwa mno. Nitawaita wenzetu wa viwanda vingine waje waione."

"Na maandishi, meneja?"

"Yale yanasaidia. Tangu yaandikwe hakuna aliyeumia."

"Hakuna aliyeumia kwa sababu baba ameshika mkanda."

"Na hilo pia linasaidia," Jairo alikiri. "Ila uchunguzi wa kile kifo ulishafungwa, mtaalamu wangu. Wakifufua hili wataniuliza na ufunguo ulikuwa kwa nani." Aliugusa mfuko wa suruali, akauacha. "Tuwaoneshe kwanza kazi. Mengine yatajipa."

Tulia aliamini. Aliona kwamba watu wakiishuhudia feni ikijiwasha kwa macho yao, hakuna brashi itakayohitaji kuombwa.

Wageni walikuja Jumatano, magari yao yakapangwa hadi kwenye migomba. Esnath alikuja na gauni la kanisani, akapewa kiti mbele. Tulia alikaa nyuma ya ukuta wa mabati na kompyuta mapajani, waya umepita chini. Ikupa alisimama katikati, akiona pande zote mbili, maana wawili hao walihitaji mtu wa kuwapelekea maneno.

Kwanza kilifungwa kiendeshi cha zamani. Ikupa alihakikisha kila mtu amekaa mbali, akabonyeza kitufe cha kuzima mbele ya wageni, kisha akageuka.

"Tata, binti yenu anaomba muuachie mkanda."

Geresoni aliuachia. Feni ilikaa kimya kwa muda wa mtu kupiga chafya. Kisha ikanguruma na kuanza kuzunguka yenyewe, majani yakaruka kitandani na vumbi lake likawajaa wageni kwenye mashati. Walisogea nyuma. Mmoja alisema, "Basi ndivyo ilivyomchukua." Geresoni akaingia tena, akaukamata mkanda, ovaroli ikamkaza mabegani, akaurudisha mpaka mapanga yakasimama. Wageni walimpigia makofi kwa hilo, maana ni mota yenye nguvu.

Kisha Tulia akaweka maelezo yake. Kisanduku kilipofika kwenye pini ya kuwasha kilikataa, kikasubiri kuambiwa. Tulia akajibu kwa niaba yake: ivutwe chini. Kikakubali.

"Tata, binti yenu anaomba tena."

Geresoni aliachia mkono mmoja. Akasikiliza. Akaachia wa pili. Wageni walitoa simu zao wakazisogeza kwenye kisanduku, mmoja akampigia mwenzake ili tu kujaribu. Ngurumo ikapita mlimani. Feni ilitulia. Kuna uzuri wa ngoma na uzuri wa mahubiri, lakini kuna uzuri pia wa feni iliyoambiwa izime ikazima, na chumba kizima kiliutazama huo. Geresoni alijitazama viganja, vilikuwa na alama za mkanda mwanzo hadi mwisho. Akavikunjua na kuvikunja. Nyuma ya mabati Tulia hakuona lolote kati ya hayo, ila Ikupa alimsimulia yote kwa sauti ya chini, na Tulia alifurahi kiasi kwamba alisahau kuifunga kompyuta.

Jairo akasimama kuzungumza.

"Ndugu wageni, mmeona wenyewe. Huyu ni binti yetu, hapa hapa Rungwe, hakutoka Ulaya. Kwa maelezo haya kila kisanduku, kiwe cha nchi gani, kinalindwa. Nawaambia kweli, kwa kazi hii hata mzembe kama Geresoni leo angekuwa anakunywa chai pamoja nasi."

Watu walicheka kwa wema, wakapiga makofi. Geresoni alikuwa amesimama kando ya meza ya chai. Hakunywa, kwa kuwa wafu hawanywi.

Esnath aliinuka. "Si mzembe," alisema. "Mmeiona feni. Alizima. Mume wangu, Geresoni, alizima."

"Asante sana, mama," alisema Jairo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Familia imefarijika. Tumpigie makofi mama yetu."

Walimpigia. Mgeni mmoja, mtu mchangamfu mwenye kofia, akasema kazi nzuri kama hii haiwezi kuzunguka bila jina, basi iitwe Kinga ya Geresoni, ili mafundi wakumbuke inawakinga dhidi ya nini. Wote wakaona ni jina zuri. Aliyeitengeneza hakuulizwa, maana alikuwa nyuma ya mabati, na kama angeulizwa asingeweza kulirudia.

Maelezo ya Tulia yakaenea kuliko alivyotarajia. Viwanda vya chai viliyachukua, baadaye wenye matenki ya maziwa, baadaye watu wa mashine za kukaushia kahawa. Asajile alisema Dar es Salaam wanayafundisha. Feni zilizokuwa zikijiwasha ziliacha kujiwasha. Kuna wanawake wengi leo wanaoingia kwenye midomo ya mashine na kutoka na vidole vyao vyote, na hawamjui Tulia, na haidhuru. Kila kisanduku kinabandikwa karatasi ndogo yenye rangi nyekundu: KINGA YA GERESONI. HATA MZEMBE YUKO SALAMA. Jairo aliipenda, akamwita tena mchoraji kutoka Tukuyu mjini, akaiongeza chini ya yale maandishi ya ukutani, na kwa kuwa brashi ilikuwa mkononi, yale ya zamani nayo yakapakwa upya. Ufunguo wa swichi kuu uko mfukoni mwake bado. Esnath sasa huenda kanisani kwa njia ya mtoni, ndefu na yenye utelezi.

Watu wakimpigia Tulia kuuliza kama ndiye mtengenezaji wa Kinga ya Geresoni, hujibu, "Ndiyo, ile kazi ni yangu."

Mzee mwenyewe hakuacha kazi. Mkanda wa kiwanda cha nyumbani haumhitaji tena, basi huenda kule kisanduku kinakofungwa kwa mara ya kwanza. Hufika alfajiri, haushiki mkanda, hukaa tu karibu, mikono mgongoni, mpaka feni izimwe na aridhike kwamba imezimika. Viwanda vimezoea kumwekea kiti.

Juzi Tulia aliitwa upande wa Njombe kufunga visanduku kwenye kiwanda kipya. Aliteremka getini na begi la vifaa, baridi kali, akamsalimu mlinzi.

"Samahani, kaka. Kuna mzee yeyote amefika leo? Ovaroli ya bluu, mikono mikubwa?"

"Aa, yule mzembe wa kwenye karatasi!" mlinzi alisema kwa furaha. "Yupo. Yuko chumba cha feni tangu alfajiri."

"Ni baba mkwe wangu."

"Hongera, dada. Ni mtu mwema sana, ameniamkia vizuri. Pita, mlango ni ule wa mbele."

Tulia aliutazama mlango wa mbele, akauliza kama kuna mwingine. Mlinzi alimwonyesha njia ya kuzungukia ghala la kuni. Akajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, akahamishia begi bega la pili, akaifuata.